Ubao Unakukataa: Utatuzi wa Matatizo kwa Anayeanza Kuteleza Mawimbini Akitokea Mbeya au Iringa

Mkazi wa Nyanda za Juu Kusini anayetaka kujifunza kuteleza mawimbini akiwa amesimama juu ya ubao ana njia mbili. Anaweza kuteremka Tukuyu, akapita Ipinda na kufika Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, ambalo urefu wake unazidi kilomita 500 na hivyo huupa upepo wa kusi nafasi ya kutosha ya kuumua mawimbi kabla hayajafika mchangani. Au anaweza kupanda basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, akaingie Bahari ya Hindi. Safari zote mbili zina gharama, na siku za kukaa majini huwa chache, kwa hiyo si busara kuzimaliza kwa kubahatisha.

Matatizo yamepangwa hapa kwa dalili, kisha visababishi, kisha la kufanya. Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: katika mchezo huu kasoro huonekana hatua moja baada ya pale ilipozaliwa. Anayeanguka wakati wa kusimama mara nyingi alikosea akiwa bado amelala kifudifudi, anayeachwa na wimbi alikosea alipochagua pa kulisubiri, na ubao unaoteleza miguuni huenda uliharibikiwa asubuhi chumbani. Kila uonapo dalili, rudi nyuma hatua moja kabla ya kuilaumu miguu. Asiyejua kuogelea, hata hivyo, hana tatizo linaloweza kutatuliwa hapa. Ajifunze kuogelea kwanza, na ubao utamsubiri.

Dalili: ubao unazama au unayumba hata kabla wimbi halijafika

Ukilala juu ya ubao kwenye maji tulivu na maji yakafika kifuani, au ukawa unapinduka kila unapoinua mkono, kisababishi cha kwanza cha kuchunguza ni ujazo wa ubao. Anayeanza anahitaji walau lita 1 ya ujazo kwa kila kilo ya mwili wake, na ni afadhali zaidi ya hapo. Mtu wa kilo 70 hujifunza kwa amani juu ya ubao wa sponji wenye lita 80 hivi na urefu wa mita 2.4 hadi 2.7. Vijana wengi huvutiwa na ubao mfupi wenye pua iliyochongoka kwa sababu ndio wanaouona kwenye video za mashindano, wakasahau kwamba ubao ule umetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana kasi. Ubao mfupi mikononi mwa mwanafunzi ni hasara tupu.

Maji yenyewe nayo yana sehemu yake. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa gramu 1,025 hivi, ilhali lita moja ya maji ya ziwa ina gramu 1,000, kwa hiyo ubao wa lita 80 ukizamishwa wote hubeba karibu kilo 2 pungufu Matema kuliko Dar es Salaam. Tofauti hiyo haitamzuia mtu kujifunza, lakini aliyezoea ubao mmoja baharini asishangae akiuona umekaa chini kidogo ziwani.

Kisababishi kingine ni ubao uliochongwa na fundi seremala. Mbao za msindano zinapatikana kwa urahisi Mufindi na Makete, na wazo la kumwomba fundi achonge ubao mzima ni la kawaida kabisa. Tatizo ni kwamba mbao hizo, hata zikikauka vizuri, zina uzito unaokaribia nusu ya uzito wa maji, kwa hiyo ubao wa lita 60 unaweza kufika kilo 30 na ukabaki na nguvu ya kubeba kilo 30 tu. Mtu mzima hatabebwa na ubao huo akiwa amelala bila kuzama nusu. Hapa marekebisho ni mawili: fundi atengeneze ubao wenye uwazi ndani na kuziba viungo vyote kwa gundi isiyopitisha maji, au ubao wa mbao ngumu utumike kwenye maji ya kiunoni tu, kwa kulalia kifua na kusukumwa na povu. Kulalia kifua ni mchezo kamili wenye wapenzi wake, na asikuambie mtu kuwa ni wa watoto.

Dalili: pua ya ubao inachimba maji na wewe unarushwa mbele

Hii ndiyo waipauti, yaani anguko, ya kawaida zaidi kwa mwanafunzi, na ndiyo inayosingiziwa miguu kuliko zote. Mtazame anayerushwa: wimbi linamwinua mkia, ubao unainama, sentimita chache za pua zinaingia chini ya maji, na kwa kufumba na kufumbua ubao umesimama wima kama nguzo ya umeme huku mwenyewe akitangulia kwa kichwa. Yote hayo yametokea kabla hajagusa ubao kwa unyayo.

Kisababishi kikuu ni kulala mbele mno. Pima kwenye maji tulivu: ukiwa umelala, kifua kimeinuka kidogo na macho yanatazama mbele, pua ya ubao inapaswa kuwa juu ya maji kwa upana wa vidole vitatu au vinne. Ikigusa maji, rudi nyuma. Ikielekea angani, sogea mbele, kwa sababu mkia uliozama ni breki. Ukipata mahali sahihi, tia alama kwa kipande cha nta, ile inayopakwa juu ya ubao ili miguu isiteleze, pale kidevu kinapoangukia, ili usianze kutafuta upya kila wimbi linapokuja.

Ikiwa umelala mahali sahihi na pua bado inachimba, basi umechelewa. Wimbi huvunjika linapofika kwenye kina kinachokaribia mara 1.3 ya kimo chake, kwa hiyo wimbi la mita 1 litaporomoka kwenye maji ya mita 1.3 hivi, na ukijikuta chini ya mdomo wake wakati huo hakuna namna ya kulala itakayokuokoa. Sogea ndani zaidi, au liache lipite. Mawimbi ya Ziwa Nyasa yanasumbua hapa kuliko ya bahari, kwa kuwa huzalishwa na upepo wa karibu na hufuatana kwa sekunde chache tu, ilhali mawimbi yanayotoka mbali baharini huweza kupishana kwa sekunde 10 au zaidi. Ukirushwa na wimbi la ziwani, la pili litakufika kabla hujaipata kamba ya mguuni inayokuunganisha na ubao. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza Matema haifai kuwa siku ya upepo mkali, hata kama ndiyo siku yenye mawimbi ya kupendeza zaidi kwa mtazamaji aliyekaa mchangani.

Kuna mawimbi ambayo huporomoka yote kwa mara moja, kutoka upande mmoja wa ufukwe hadi mwingine. Hayo hayana bega, yaani sehemu ya pembeni ambayo bado haijavunjika, la kukimbilia, na hata mkongwe huyaacha.

Dalili: unapiga maji kwa nguvu zote, lakini wimbi linapita chini yako

Wimbi likiwa kwenye maji ya kina cha mita 1.3 husafiri kwa mita 3.5 hivi kwa sekunde, na mwanafunzi anayepiga kafi kwa mikono huenda takribani mita 1 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo hakuna anayelifukuza wimbi akalipata kwa nguvu za mabega peke yake. Linalompa mtu kasi iliyosalia ni mteremko wa wimbi lenyewe. Kwa hiyo ukiachwa, jiulize kwanza kama ulikuwa mahali ambapo wimbi lina mteremko. Wengi huachwa kwa sababu wamekaa mbali mno, ambako wimbi bado ni mgongo wa duara usiosukuma chochote.

Kisababishi cha pili ni kuanza kupiga maji wimbi likiwa tayari limefika miguuni. Anza likiwa bado lina safari, kwa mikono mirefu inayoingia ndani kabisa ya maji, na ubao ukielekea ufukweni moja kwa moja. Kisababishi cha tatu ni kuacha mapema. Ukihisi mkia umeinuliwa, ongeza mapigo mawili au matatu ya nguvu, kwa kuwa wengi hudhani wamekwisha kulipata wimbi pale ambapo limewagusa tu.

Anayeanza kabisa hana haja ya kuhangaika na haya. Asimame kwenye maji ya kiunoni, ageuze ubao kuelekea ufukweni, asubiri povu la wimbi lililokwisha kuvunjika, na ajirushe juu ya ubao povu likiwa hatua chache nyuma yake. Povu husukuma kila mtu bila kuuliza ujuzi.

Dalili: wimbi umelipata, lakini unaanguka kila unaposimama

Sasa miguu inaweza kuulizwa, ingawa mikono ndiyo itangulie. Anayeshika kingo za ubao wakati wa kujiinua huutikisa ubao wote, na kosa hilo huonekana pale tu anapoanguka kwa ubavu. Viganja viwekwe bapa juu ya ubao, chini ya mbavu, kama mtu anayejiandaa kupiga pushapu. Kisha mwili uinuliwe na miguu yote miwili ije chini ya kifua kwa mkupuo mmoja. Mkupuo huo ndio unaoitwa popapu. Kupitia magotini kunavutia kwa kuwa ni rahisi mchangani, lakini juu ya ubao unaokwenda kunaongeza hatua ambayo wimbi halikupi muda wake, na ukishaizoea ni vigumu kuiacha.

Habari njema kwa wakazi wa nyanda za juu ni kwamba popapu haihitaji maji. Chora umbo la ubao kwenye nyasi za uwanja wa mpira, au tandika mkeka sebuleni, na uifanye kila asubuhi mpaka miguu iangukie mahali pale pale bila kuitazama. Baridi ya Juni ya Mbeya haikuzuii, pengine hata itakuharakisha. Jua pia mguu wako wa mbele kabla ya safari. Mwombe mtu akusukume kidogo mgongoni bila kukuonya. Mguu utakaotangulia kukuokoa kwa kawaida ndio wa mbele. Ukiwa wa kushoto wewe ni regula, ukiwa wa kulia wewe ni gufi, na hakuna ubora kati ya hao wawili. Kamba hufungwa kwenye mguu wa nyuma.

Kama popapu ni nzuri na bado unaanguka, tazama macho yako yanaelekea wapi. Anayeutazama ubao huinamisha kichwa, kichwa huvuta mabega, na mwili wote hufuata. Chagua kitu ufukweni, mwembe au paa la nyumba, na usimame ukikitazama hicho. Magoti yakunjwe, kiuno kisikunjwe.

Ubao ukigeuka wenyewe ukiwa umesimama vizuri, kagua mapezi chini ya mkia. Pezi lililolegea au lililovunjika huufanya ubao uteleze kiubavu, na hapo utulivu wako hautasaidia. Mbao za kale za Hawaii hazikuwa na pezi. Tom Blake ndiye aliyefunga pezi kwenye ubao mwaka 1935, na tangu hapo mchezo ukabadilika.

Dalili: miguu inateleza ingawa ubao umepakwa nta

Hapa ndipo anayetoka nyanda za juu ana tatizo lake mwenyewe. Kwa baridi na ukavu wa kwetu, mtu hatoki nyumbani bila kujipaka mafuta ya mgando kuanzia usoni hadi kwenye vidole vya miguu. Mafuta hayo yakifika kwenye ubao, nta haina kazi tena. Utayaona: matone ya maji yanakimbia juu ya nta na kujikusanya, na sehemu ya kifuani inang'aa kuliko kwingine. Siku ya kuingia majini, magoti, tumbo, nyayo na viganja visipakwe chochote, na waliozoea kujipaka mgando makwapani ili wasichubuke wanawe mikono kwa sabuni baada ya kupaka. Nta iliyokwisha kuchafuka haiponi kwa kuongezewa nyingine juu yake. Ikwangue yote kwa ukingo wa kadi ngumu, pangusa ubao kwa kitambaa chenye sabuni, kausha, kisha paka upya.

Kisababishi cha pili ni nta iliyotengenezwa nyumbani. Nta ya nyuki ipo kwa wafugaji wa nyuki wa Iringa na Njombe, na kuichanganya na mafuta ya nazi ni njia inayojulikana. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 au 25, kwa hiyo mchanganyiko unaoonekana mgumu na wenye kunata kwenye kibaraza cha Mbeya utageuka ute kwenye jua la Kyela au Dar es Salaam. Punguza mafuta, ongeza nta, na kama unaweza kupata utomvu wa msindano uliosafishwa, uongeze kidogo kwa ajili ya kunata. Upime mchanganyiko wako mchana wa jua, usiupime usiku. Nta ikiwa sawa huacha vipele vidogo vigumu ambavyo kiganja kinavikwaruza. Ikiwa laini mno huacha utando. Na ubao uliopakwa usiachwe juani juu ya gari.

Dalili: ubao umevimba, umelegea, au tabaka la juu limeachana

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni takribani asilimia 82 ya lile la pwani. Ubao wa sponji nyepesi uliofunikwa kwa resini ya epoksi ukipandishwa mlima wa Kitonga hadi Iringa na kuendelea, hewa iliyofungiwa ndani hutanuka, na ukiongeza joto la buti la basi, tabaka la juu linaweza kubanduka na kufanya uvimbe. Mbao nyingi za aina hiyo zina skrubu ndogo ya kupumulia karibu na katikati. Nyingine hujipumulia zenyewe, lakini zile za kufungua kwa mkono zinapaswa kufunguliwa kabla ya kupanda, na kufungwa tena kabla ya kugusa maji. Aliyesahau kufungua huuguza ubao. Aliyesahau kufunga huujaza maji, na wa pili ana kazi kubwa zaidi.

Ubao wa kupuliza hukutana na hali iliyo kinyume. Ukiujaza Mbeya hadi kipimo kikasoma psi 15, kisha ukateremka nao hadi Matema, ulio chini kwa zaidi ya mita 1,200, kipimo kitasoma pungufu kwa karibu psi 2, ingawa hakuna hewa iliyovuja. Joto la Kyela huweza kurudisha sehemu ya upungufu huo. Usitafute tundu kabla ya kufikiria mlima. Ujaze ufukweni, na wakati wa kurudi utoe hewa kabla ya kuanza kupanda Tukuyu.

Uvimbe ukishatokea, usitie maji ubao huo. Nyufa ndogo huzibwa kwa resini baada ya ubao kukauka kabisa, na kukauka ni suala la siku kadhaa kivulini, pua ikitazama chini.

Dalili: unapiga maji kuelekea ufukweni na ufukwe hausogei

Hii ni dalili ya mkondo wa kurudi, na kisababishi chake ni kwamba maji yaliyoletwa na mawimbi lazima yapate njia ya kurudi. Njia hiyo huonekana kama ukanda ambao mawimbi hayavunjiki, wenye maji ya rangi iliyokolea au yenye mchanga, na ndiyo maana mgeni huichagua akidhani ni mahali patulivu. Usishindane nao. Baki juu ya ubao, usiuache kamwe, piga maji sambamba na ufukwe hadi utoke kwenye ukanda huo, kisha rudi na mawimbi. Ukichoka, kaa juu ya ubao na kupunga mkono mmoja.

Matema kuna jambo la ziada. Midomo ya mito inayoingia ziwani hutoa magogo na maji ya tope wakati wa mvua, na mamba hupatikana katika mito ya Kyela. Kabla ya kuingia, mwamkie mzee mmojawapo wa wavuvi kwa shikamoo, umweleze unataka kwenda wapi, na umsikilize. Akikwambia si hapo, iwe si hapo.

Dalili: wenzako majini wanakufokea

Mara nyingi umedandia wimbi la mtu. Aliye karibu zaidi na kilele, pale wimbi linapoanza kuvunjika, ndiye mwenye haki nalo, na wengine wote wanamwachia. Tazama upande wa kilele kabla ya kusimama. Kosa la pili ni kuzunguka nyuma ya wanaosubiri kwenye lainapu, yaani mahali pa kusubiria mawimbi, ili ukae karibu na kilele kuliko wao kila wimbi linapokuja; hilo ni sawa na kuvunja foleni, na huchukiwa hivyo hivyo. La tatu ni kuutupa ubao unapoliona wimbi kubwa, wakati kamba yake inafika mita 2 au zaidi na nyuma yako kuna mtu. Ukikosea, inua mkono uombe radhi, na jambo litaishia hapo.

Dalili: umefika na mawimbi hayafai

Pwani ya Dar es Salaam hufuata kusi na kaskazi, na hufuata pia kujaa na kupwa kwa maji, ambako wakati wa bamvua tofauti yake huzidi mita 3. Ufukwe uliokuwa na wimbi zuri maji yakiwa nusu huweza kuwa mwamba mtupu yakipwa, kwa hiyo tazama jedwali la maji kabla ya kukata tiketi. Kote kuwili, asubuhi na mapema kabla upepo haujakaza ndiyo saa yenye uso wa maji laini, na upepo unaotoka nchi kavu huyasimamisha mawimbi vizuri kuliko unaotoka majini.

Dalili: umerudi nyumbani na ngozi inawasha, au wiki kadhaa baadaye una homa

Michubuko ya tumbo na makwapa hutokana na nta na mchanga, na fulana ya kubana huizuia. Mwasho wa vipele vidogo baada ya kuingia Ziwa Nyasa ni jambo jingine, kwa sababu ziwa hilo lina kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kujifuta kwa taulo mara baada ya kutoka husaidia kidogo lakini hakutoshi kuwa kinga. Homa, kikohozi au uchovu wiki chache baadaye, au damu kwenye mkojo au choo baada ya miezi, havipaswi kuchukuliwa kuwa malaria tu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kukomaa, ndiyo maana kipimo na tiba hufanywa takribani wiki 6 au zaidi tangu uingie majini. Ukienda zahanati, mwambie mtabibu tarehe uliyokuwa ziwani hata kama hakuuliza.